Maisha ya Mtakatifu Yosefu Mukasa Balikuddembe, Aliyesingiziwa Mbele ya Mfalme

Sisi tukaao Kibiti na katika visiwa na vijito vya delta ya Rufiji twajua jambo ambalo watu wa milimani huenda hawalijui vema, nalo ni hili, ya kwamba mto huhamisha makaburi. Mwaka huu maji hupita hapa, mwaka mwingine hukata ukingo yakapita kule, na mahali palipokuwa na shamba la mpunga na nyumba za watu pakawa mkondo wa mitumbwi. Mzee huonyesha kwa kidole katikati ya maji, akasema kwamba babu yake amelala pale. Mwezi wa Aprili mwaka 2024 mafuriko yaliingia tena mashambani na majumbani, Rufiji na Kibiti, nasi hatuna haja ya kuyasimulia kwa watu walioyaona kwa macho yao. Tena wako wale wapagazi na askari wa vita ya kwanza ya wazungu, waliokufa kwa wingi kando ya mto huu katika mvua na njaa ya mwaka 1917. Wengi wao makaburi yao hayana alama yo yote, wala hakuna awezaye kuyatenga mafupa ya huyu na ya yule.

Kwa hiyo mwalimu wa dini afundishapo Sala ya Nasadiki na kufika pale penye ufufuko wa miili, huulizwa swali ambalo haliulizwi kwa mzaha. Mwili uliochukuliwa na maji utafufukaje? Aliyeliwa na mamba atainuka na mwili gani? Swali hili tutalikuta tena mbele, katika kinywa cha mfalme.

Jambo la pili tulijualo ni singizio. Mtu akiugua ghafula usiku, asubuhi hutafutwa jirani. Mtoto akifa, huulizwa ni nani aliyempa chakula jana. Husemwa sumu, husemwa uchawi, na mara nyingi atajwaye ni mwanamke mzee asiye na mtoto wa kumtetea, au mtu aliyekataa kushiriki katika jambo la wengi. Na katika miaka ya 2016 na 2017, viongozi wa vijiji na askari polisi walipouawa katika nchi hii yetu, tuliona jinsi hofu iwezavyo kumfanya mtu amtazame jirani yake kwa jicho jingine. Atajwaye bure hana pa kwenda. Akinyamaza, husemwa amekiri. Akisema sana, husemwa anajitetea kwa kuwa ana hatia.

Basi katika kitabu hiki cha jubilei tumependa kuandika habari za mtu aliyepatwa na hayo yote mawili. Alisingiziwa sumu, na mwili wake ukaharibiwa makusudi ili asifufuke akamshtaki aliyemwua. Mtu huyo ni Yosefu Mukasa Balikuddembe wa Buganda, wa kwanza kufa kati ya wale Mashahidi 22 Wakatoliki wa Uganda. Asiwepo mtu wa kusema ya kwamba huyu ni mtu wa mbali asiyetuhusu. Mapadre waliomfikishia Injili walianza safari yao Bagamoyo, katika mkoa wetu huu wa Pwani, mwezi wa Juni mwaka 1878, nao walipitia njia ya misafara, mizigo yao ikichukuliwa vichwani mwa wapagazi. Neno lililomwokoa lilipita kwanza katika mchanga wa pwani yetu.

Yosefu alizaliwa karibu na mwaka 1860. Angali kijana, katika mwaka 1874, aliingizwa katika jumba la Kabaka Muteesa kuwa mmoja wa watumishi wake. Desturi ya Buganda ilikuwa hiyo: wakuu na watu wa koo mbalimbali walipeleka vijana wao wamtumikie mfalme, nao wakajifunza adabu ya baraza, na kutoka kwao wakachaguliwa watawala wa kesho. Lakini jumba lile lilikuwa pia mahali pa hatari, kwani neno moja la mfalme lilitosha kumpandisha mtu au kumtoa kichwa.

Mwezi wa Februari mwaka 1879 Padre Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, alifika Buganda pamoja na Bruda Amans. Hawa walikuwa wa shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao watu wengi waliwaita Mapadre Weupe kwa ajili ya kanzu zao. Yosefu alikuwa miongoni mwa watumishi wa mfalme waliokwenda kusikiliza mafundisho. Akajifunza kwa bidii, akabatizwa tarehe 30 Aprili 1882, siku moja na Andrea Kaggwa, ambaye naye baadaye alikufa shahidi.

Miezi michache baada ya ubatizo huo, mwezi wa Novemba mwaka uo huo, mapadre waliona hawana usalama tena, wakaondoka Buganda, wakavuka Ziwa kwenda kusini, wakakaa Bukumbi, katika nchi ambayo leo ni mkoa wa Mwanza. Wakristu wachache waliobaki walikuwa kama watoto walioachwa na mama yao nyumbani. Hapakuwa na Misa, wala kitubio, wala padre wa kumpaka mafuta mgonjwa. Ndipo Yosefu, aliyekuwa na miezi saba tu tangu kubatizwa, akawa kiongozi wao. Aliwafundisha vijana wa jumbani, akawakusanya kwa sala, akawaonya walioanza kulegea. Mapadre waliporudi mwezi wa Julai mwaka 1885, walikuta kundi si dogo kuliko walivyoliacha bali kubwa zaidi. Walimu wa vigango vyetu, ambao huona padre mara moja kwa majuma mengi kwa sababu ya maji na matope, watamwelewa Yosefu kwa urahisi kuliko watu wa mjini.

Muteesa alifariki mwezi wa Oktoba mwaka 1884, na mwanawe Mwanga akatawala naye ni kijana bado. Mwanga alimpenda Yosefu mwanzoni, akamweka kuwa msimamizi wa watumishi wa nyumba yake, na jina lake hilo la Balikuddembe maana yake ni karibu na kusema kwamba wako katika raha na amani. Na kweli, vijana waliokuwa chini ya ulinzi wake walikuwa katika amani kwa muda. Mwanga alikuwa na tamaa chafu, iliyo kinyume cha amri ya sita, na alitaka watumishi wake wadogo wamridhishe. Yosefu aliwaficha, akawatuma mbali saa alizojua kwamba wataitwa, akawafundisha kukataa kwa heshima bila kumtukana mfalme. Hiyo ilikuwa sababu ya kwanza ya chuki, ingawa haikutajwa katika mashtaka. Yafaa tuliangalie neno hili: mara nyingi shtaka linalosemwa mbele ya watu si kosa lenyewe linalomchoma mshtaki moyoni.

Sababu ya pili ilikuwa ya Katikiro, waziri mkuu wa nchi, ambaye jina lake pia lilikuwa Mukasa. Mapema katika mwaka 1885 wakuu kadhaa, naye akiwamo, walifanya shauri la siri la kumwondoa Mwanga na kumtawaza ndugu yake. Wakristu wa jumbani walipata habari, wakamwonya mfalme, na Yosefu alikuwa miongoni mwa walioonya. Katikiro alijitupa miguuni pa mfalme akilia, akasamehewa. Lakini mtu aliyesamehewa mbele ya watu huwa vigumu kumsahau yule aliyemwona akilia. Tena ilisemwa jumbani ya kwamba siku moja Wakristu hawa watapewa vyeo vya wakuu wa zamani. Tangu hapo Katikiro alingoja nafasi.

Nafasi ilikuja kwa mauti ya mtu mwingine. James Hannington, askofu wa Waanglikana, alikuwa akija Buganda kwa njia ya mashariki, kupitia Busoga. Waganda waliiogopa njia hiyo, kwa maana palikuwa na neno la kale ya kwamba watakaoiteka nchi watatokea mashariki. Mwanga akaamuru auawe. Yosefu alipojua, alimwendea mfalme kumsihi aiache damu ya mgeni huyo, akamkumbusha kwamba baba yake Muteesa, pamoja na ukali wake wote, hakuwaua wazungu waliofika kwake. Haikusaidia. Hannington aliuawa tarehe 29 Oktoba 1885 pamoja na wapagazi wake wengi, na baadaye Yosefu alimwambia mfalme wazi ya kwamba ametenda vibaya.

Hapa twasimama kidogo. Wakati ule Wakatoliki na Waanglikana wa Buganda hawakupendana. Walishindana mbele ya mfalme yule yule, kila upande ukiutilia upande wa pili shaka. Yosefu hakuwa na faida yo yote katika kumtetea Hannington. Hakuwa wa kanisa lake, wala hakuwahi kumwona. Alimtetea kwa sababu alikuwa mtu asiye na hatia, basi. Sisi tunaoishi katika vijiji ambamo Mkatoliki, Mlutheri na Mwislamu huchota maji kisima kimoja, na ambamo Wakristu ni wachache, tungefanya vema kukumbuka kwamba shahidi huyu wa Kanisa letu alianza njia ya kifo kwa kumtetea mtu wa kanisa jingine.

Maneno yale yalimwingia mfalme kama mwiba. Hakuna mtumishi aliyezoea kumwonya Kabaka, naye hakuzoea kuonywa. Akaanza kusema ya kwamba Yosefu ni mtu wa wazungu, ya kwamba huwapelekea mapadre siri za jumba, ya kwamba anataka kulipiza kisasi cha Hannington. Na katika siku hizo hizo ikatokea jambo dogo ambalo kwa mtu mwenye hofu halikuwa dogo. Mwanga aliugua, Padre Lourdel akampa dawa, na baada ya kuitumia mfalme akajisikia vibaya zaidi. Mara ikasemwa ni sumu. Ikasemwa padre ameitengeneza na Yosefu amesaidia ipite.

Mtu wa Kibiti asomaye habari hii hataona ugeni ndani yake. Dawa ilitolewa mchana mbele ya watu. Aliyeitoa alikuwa padre, wala si Yosefu. Mfalme mwenyewe hakufa, akaishi miaka mingi baadaye. Hata hivyo shtaka likasimama, kwa kuwa singizio halitafuti ushahidi, hutafuta mtu. Na mtu alikwisha kupatikana kabla ya ugonjwa. Tena hapakuwa na baraza la kumsikiliza. Yosefu hakuitwa aseme, wala hapakuletwa shahidi.

Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 15 Novemba 1885, mfalme alimwita Yosefu, akamlaumu kwa muda mrefu, akiyarudia makosa yake ya kweli na ya uongo. Yosefu alijua kwamba mambo yamefika mwisho. Asubuhi alikwenda kwa mapadre, akasikiliza Misa, akapokea Komunyo. Kisha akaitwa jumbani, naye akaenda. Angaliweza kukimbia, kwa maana alizijua njia za mji na marafiki hakuwakosa. Lakini kama angalikimbia, watu wangalisema kwamba sumu ile ilikuwa kweli, na wale vijana aliowafundisha wangalibaki peke yao na swali hilo.

Hukumu ilitolewa kwamba achomwe moto. Katikiro aliifanyia haraka sana, asije mfalme akabadili moyo, kama alivyozoea kufanya. Wakamtoa Yosefu hata karibu na kijito cha Nakivubo. Walipotaka kumfunga kamba aliwaambia haina haja. Mkristu anayetoa uhai wake kwa ajili ya Mungu hawi na sababu ya kukimbia mauti. Mukajanga, mkuu wa wauaji wa mfalme, alimjua Yosefu tangu siku nyingi na kumheshimu, naye alisitasita akitumaini kwamba mjumbe atatokea na neno la huruma. Hakutokea mtu. Basi kwa kumhurumia aliamua kumkata kichwa kwanza, ili moto usimkute hai.

Kabla ya hayo Yosefu alimpa Mukajanga maneno ya kumpelekea mfalme, na maneno hayo ndiyo urithi wake. Alisema ya kwamba Mwanga amemhukumu bila haki, lakini yeye amemsamehe kwa moyo wote. Akamshauri atubu. Akaongeza ya kwamba asipotubu, yeye Yosefu atakuwa mshtaki wake mbele ya kiti cha hukumu cha Mungu.

Watu wengine wakisikia maneno hayo huona kama nusu mbili zisizopatana: kama amesamehe, mbona atashtaki? Sisi hatuoni hivyo. Mtu anayesema amesamehe kwa sababu anadhani kila kitu huishia kaburini, hajasamehe, amekata tamaa. Yosefu alisadiki kwamba atasimama tena, na kwamba Mwanga naye atasimama, wakaonana uso kwa uso, na mambo yale yatasemwa wazi mbele ya Mmoja asiyedanganywa. Kwa sababu hiyo aliweza kuliacha shtaka la sumu bila kulijibu. Hakuna mahali tunaposikia kwamba katika saa ile aliapa kuwa hakutia sumu, wala kwamba aliwataja adui zake. Kesi yake aliipeleka mbele, mahali ambapo hakimu hanunuliwi wala haogopi. Na kwa kuwa alijua siku hiyo itakuja kweli, alimhurumia mfalme. Neno lake la mwisho halikuwa tisho tu, bali lilikuwa la mtu anayemwonya mwenzake juu ya shimo lililo njiani mbele yake.

Ayubu pia, rafiki zake walipomwambia kwamba lazima ana dhambi ya siri, aliweka tumaini lake katika siku ambayo atamwona Mungu katika mwili wake. Na Bwana wetu mwenyewe, tukisoma Injili kwa makini, twaona kwamba shtaka lililoletwa juu yake na mashahidi wa uongo lilikuwa ni neno lake juu ya ufufuko, lililopotoshwa. Alisema juu ya hekalu la mwili wake, kwamba litasimama baada ya siku tatu. Wao wakaligeuza kuwa tisho la kubomoa nyumba ya Mungu. Akanyamaza. Jibu lake lilitolewa siku ya tatu, wala si mbele ya baraza lile, bali bustanini, kwa wanawake waliokuja na manukato.

Mukajanga alipeleka ujumbe. Imesimuliwa ya kwamba Mwanga aliposikia alicheka kwanza, kisha hofu ikamshika. Aliamuru mtu mwingine auawe, achomwe, na majivu yake yachanganywe na majivu ya Yosefu. Alidhani kwamba Yosefu hatawezaje kumshtaki, ikiwa hata mwili wake hauwezi kutengwa na mwili wa mtu mwingine?

Hili ndilo swali la mtoni, lile tulilolitaja mwanzoni, isipokuwa sisi twaliuliza kwa majonzi na mfalme aliliuliza kwa hila. Wala tusimcheke sana. Mtu asiyesadiki ufufuko hata kidogo hahangaiki na majivu. Huyaacha yachukuliwe na upepo. Mwanga alikuwa amesikia mafundisho ya mapadre, na kitu fulani kilikwisha kuingia ndani yake. Aliamini kiasi cha kuogopa, lakini hakuamini kiasi cha kutubu. Alimfanya Mungu kuwa kama mtunza ghala ambaye ukimvurugia magunia atashindwa kujua lipi ni la nani. Aliyetuumba wakati hatukuwa hata majivu, atashindwaje kuyajua majivu yetu? Mtume Paulo alipoulizwa na Wakorintho juu ya mwili wa ufufuko aliwaonyesha mbegu. Wakulima wa mpunga wa delta hawana haja ya maelezo marefu hapo. Wao huizika mbegu katika matope meusi, nayo huoza, na hakuna anayedai kwamba shamba limeidhulumu.

Na juu ya mtu yule wa pili twafikiri mara nyingi. Hakusingiziwa sumu wala siri. Hakushtakiwa kwa jambo lo lote. Alichukuliwa tu, akauawa ili majivu yake yapate kutumika. Hatuhesabu jina lake kati ya Mashahidi, wala hatujui alisadiki nini. Lakini kama Yosefu atainuka kutoka katika majivu yale, basi mtu yule naye atainuka kutoka humo humo, na mfalme aliyetaka kumkwepa mshtaki mmoja alijipatia wawili.

Kama Katikiro alitumaini kwamba Wakristu watatawanyika, hakufanikiwa. Jumapili ile ile wakatekumeni walikwenda kwa mapadre kuomba ubatizo, na miongoni mwao alikuwako Karoli Lwanga, aliyebatizwa siku hiyo, akakishika kile kilichoachwa na Yosefu, yaani kuwalinda na kuwafundisha vijana wa jumbani. Katika siku chache walibatizwa zaidi ya watu 100. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Juni 1886, Lwanga na wenzake, Wakatoliki na Waanglikana, walichomwa moto Namugongo. Habari zao zinajulikana na kila mtoto wa komunyo ya kwanza, kwa hiyo tunazipita.

Mwanga naye alipatwa na mambo ambayo hakuyatazamia. Mwezi wa Septemba mwaka 1888 aliondolewa katika kiti chake. Akakimbia kwa mtumbwi kuvuka Ziwa kwenda kusini, akafika Magu kwa wafanyabiashara Waarabu, ambao walimtendea kama mfungwa. Akawatoroka. Mfalme yule aliyemwua Yosefu kwa kumwita mtu wa wazungu na mshirika wa sumu ya padre, alikwenda Bukumbi kubisha mlango kwa mapadre wale wale, nao wakampokea na kumpa mahali pa kulala na chakula. Hatujui kama usiku wa kwanza alipoletewa sahani alisita kabla ya kula. Tena Wakristu waliobaki hai, ndugu na rafiki za waliochomwa, ndio waliokwenda vitani kumrudishia kiti chake, na wengine wao wakafa katika vita hiyo.

Hatutaki kumfanya kuwa mtakatifu. Baada ya kurudi alitawala kwa kuyumbayumba, akapigana na Waingereza, akashikwa mwaka 1899, akapelekwa uhamishoni mpaka visiwa vya Shelisheli. Huko alibatizwa katika kanisa la Waanglikana, kanisa lile ambalo askofu wake alimwua, akapewa jina la Danieli. Akafa tarehe 8 Mei 1903, mbali na kwao, katikati ya bahari hii hii inayopokea maji ya Rufiji. Kama alikumbuka ujumbe wa Mukajanga alipokuwa akiingizwa majini, hilo ni kati yake na Mungu. Lakini Yosefu alimwomba jambo moja tu, naye alipewa karibu miaka kumi na minane ya kulitenda.

Mwaka 1910 mwili wa Mwanga ulirudishwa Buganda, ukazikwa Kasubi karibu na baba yake, kaburi lenye kujulikana na kutunzwa. Yosefu alitangazwa Mwenye Heri mwaka 1920 pamoja na wenzake, na tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo wa Sita akawatangaza Watakatifu mjini Roma. Kuna soko kubwa sana mjini Kampala, karibu na Nakivubo, ambalo watu wamezoea kuliita Owino. Jina lake rasmi ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe. Kutoka alfajiri watu husongamana pale wakiuza nguo na viazi na samaki wa Ziwa, wakibishana juu ya bei, wala wengi wao hawakumbuki kwamba katika ujirani huo majivu ya watu wawili yalichanganywa kwa amri ya mfalme.